Mwanangu, siku injini itakapozimika

Mwanangu mpendwa,

Nimesoma barua yako kwamba mwalimu anakaribia kukuachia ndege uruke peke yako. Nimefurahi mno, na kwa sababu hiyohiyo nataka tuzungumze juu ya injini hiyo moja uliyo nayo.

Injini ikizimika, ndege haianguki kama jiwe. Cessna 172 ukiishikilia kwenye mwendo wa noti 65 hivi (kama kilomita 120 kwa saa), huteleza hewani. Ukiwa futi 3,000 juu ya ardhi na upepo umetulia, utafika karibu kilomita 8, yaani kama dakika 4 za kuamua. Kinachoua ni kuvuta usukani. Ukiona ardhi inapanda, mikono yako itataka kuinua pua. Ukiinua, mwendo unapotea, mabawa yanashindwa kuibeba ndege, na huko chini hakuna nafasi ya kujirudi. Shusha pua kwanza, mwendo ukae sawa, ndipo uchague mahali pa kutua.

Ninachokiogopa zaidi ni injini kuzimika mara tu umeruka. Uwanja uko pale nyuma, utatamani kuurudia. Usirudi, mwanangu. Kugeuka nusu duara hakutoshi, kwani utajikuta kando ya njia uliyorukia, upepo ukikusukuma mgongoni. Tena kona kali huyachosha mabawa mapema: ukiilaza ndege nyuzi 60, mwendo ambao mabawa yanashindwa hupanda kwa asilimia 40 hivi. Tua mbele yako, kulia kidogo au kushoto kidogo, hata kama ni shamba bovu. Usiihurumie ndege. Mabawa na yavunjike, magurudumu na yang'oke, mradi pale ulipoketi pabaki pazima.

Ukiweza, tua ukiukabili upepo, ukupunguzie mwendo. Ukigusa ardhi kwa noti 40 badala ya 80, nguvu ya kishindo ni robo tu, si nusu.

Ukiwa juu na muda unao, badilisha tangi, washa pampu ya mafuta kama ipo, kagua magneto (zile zinazoipa injini cheche), na vuta joto la kabureta, yaani kile kitufe kinachopeleka hewa ya moto mahali petroli inapochanganyika na hewa. Hili la mwisho wengi hulidharau. Petroli inapogeuka mvuke ndani ya kabureta huipoza hewa kiasi cha kugandisha barafu hata siku yenye nyuzi joto 25, mradi hewa ina unyevu. Utaona mizunguko ya injini inashuka polepole. Ukivuta joto, injini inaweza kukohoa vibaya zaidi, kwa sababu inameza maji ya barafu inayoyeyuka. Usiogope ukalirudisha, liache lifanye kazi.

Redio ije baadaye: tangaza Mayday, mwito wa hatari, kwenye masafa uliyomo, au 121.5 ya dharura, na uweke 7700, namba ya dharura, kwenye transponda, kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada. Karibu na ardhi kaza mikanda, funga mafuta, zima magneto na umeme, uufungue mlango kidogo usije ukajipinda ukakufungia ndani.

Na kabla ya kila safari, pima mafuta kwa kijiti, uyaone kwa macho yako, usiiamini geji. Toa pia maji yaliyotuama chini ya matangi.

Wiki hii omba ukae ndani ya ndege ikiwa imeegeshwa. Fumba macho, ushike kila swichi niliyoitaja kwa mpangilio huo, bila kupapasa. Ukimaliza nipigie simu, nataka unisomee yote kwa sauti.

Nakupenda sana.

Mama yako