Shylock hasomwi hivyo, walimu wenzangu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na walimu wa fasihi na wasimamizi wa vikundi vya maigizo kuhusu Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare, The Merchant of Venice, iliyotoka mwaka 1969. Humo Shylock, Myahudi mkopeshaji, anamkopesha mfanyabiashara Antonio kwa mkataba kwamba asipolipa atakatwa ratili moja ya nyama ya mwili wake. Swali lililozoeleka ni "Eleza sifa za Shylock." Mwanafunzi anajibu: ni katili, mchoyo, mla riba, mwenye kisasi, Myahudi. Anawekewa vema tano. Vema la tano ndilo linaloniumiza. Kuwa Myahudi si sifa ya mhusika. Mwalimu akilipitisha pamoja na ukatili na uchoyo, mtoto anatoka darasani akiamini kwamba mambo hayo ni ya ukoo mmoja.

Kosa linaanzia kwenye riba. Tunaifundisha kama tabia, wakati ilikuwa sheria. Katika Venice ya wakati ule Kanisa lilikataza Mkristo kumtoza Mkristo mwenzake riba, lakini mji ulihitaji mikopo. Myahudi alizuiwa kumiliki ardhi na kuingia katika vyama vya mafundi. Aliachiwa kazi chache: kukopesha kwa rehani, kuuza nguo kuukuu, na utabibu kwa waliousomea. Tarehe 29 Machi 1516 serikali ya mji ikaamuru Wayahudi wakae kwenye kisiwa kidogo kilichokuwa na kalibu za kuyeyushia shaba. Milango ilifungwa usiku, na walinzi walilipwa kwa fedha za haohao waliofungiwa. Mchana walitoka na alama au kofia ya rangi ya manjano ili wajulikane. Mahali hapo paliitwa Ghetto. Kijana wa Dar es Salaam anayekiita chumba chake cha kupanga "geto" anatamka jina la kisiwa hicho. Milango yake iliondolewa mwaka 1797, askari wa Napoleon walipoingia.

Shakespeare naye alikuwa anaandika mambo ya kusikia. Wayahudi walifukuzwa Uingereza mwaka 1290, na hawakuruhusiwa kurejea kuishi waziwazi hadi 1656. Tamthilia hii iliandikwa kati ya 1596 na 1598, muda mfupi baada ya Rodrigo Lopez, tabibu wa Malkia Elizabeth aliyekuwa wa asili ya Kiyahudi, kunyongwa mwaka 1594 mbele ya umati uliomzomea. Katika toleo la kwanza lililochapwa mwaka 1600 kuna mahali ambapo maneno ya mhusika huyu yametanguliwa na neno "Myahudi" tu, jina lake halipo.

Hilo linaweza kufanyiwa kazi darasani kwa kipindi kimoja cha dakika 40. Wape wanafunzi kalamu za rangi mbili na onyesho la mahakamani, sehemu ya nne. Kila anapoitwa Shylock wapige mstari wa bluu, kila anapoitwa Myahudi wapige mwekundu, kisha wahesabu. Ukurasa utakuwa mwekundu. Waulize ni nani anayemwita kwa jina, lini, na anataka nini kwake wakati huo. Portia, mwanamke tajiri anayekuja kumwokoa Antonio, akiingia amejigeuza mwanasheria, anauliza mfanyabiashara ni yupi na Myahudi ni yupi, ilhali wote wawili ni wafanyabiashara. Watoto huwa wanaipita sentensi hiyo, kwa hiyo wasimamishe hapo.

Msiishie kwenye ratili ya nyama na tone la damu, yaani hoja ya Portia kwamba mkataba unaruhusu nyama lakini si damu. Ujanja huo unamwokoa Antonio tu. Kinachomwangusha Shylock ni sheria inayofuata: mgeni akitafuta uhai wa raia, nusu ya mali yake inakwenda kwa raia huyo na nusu kwa hazina. Shylock anaishi Venice, ana nyumba na binti Venice, na bado sheria inamhesabu mgeni. Kisha Antonio anaweka sharti abatizwe, na mahakama inaliita jambo hilo huruma. Mwanafunzi asiyeliona hilo hajaisoma hukumu.

Sisemi Shylock ni malaika. Katika sehemu ya kwanza, onyesho la tatu, anasema mwenyewe kwamba anamchukia Antonio kwa Ukristo wake, na zaidi kwa kuwa anakopesha bila riba. Kisu anakinoa kweli. Lakini katika onyesho hilohilo anakumbusha kwamba Antonio alimwita mbwa na kumtemea mate, na Antonio hakani. Anamwambia anaweza kurudia. Dukati 3,000, sarafu za dhahabu, kwa miezi mitatu zinaombwa kwa mtu aliyetemewa mate. Hotuba yake ya sehemu ya tatu kuhusu macho na mikono ya Myahudi inasomwa sana peke yake kama wito wa usawa, na huko ni kuikata mkia: inaishia kwenye kulipiza kisasi, akidai amejifunza kwa Wakristo wenyewe. Isomeni yote.

Kuna mahali pengine darasa la Kiafrika lingefaa kuanzia, nalo hurukwa mara nyingi. Sehemu ya pili, Mwanamfalme wa Morocco anaingia, na neno lake la kwanza ni kuomba asichukiwe kwa rangi ya ngozi yake. Kama wachumba wote wa Portia, anatakiwa kuchagua kasha moja kati ya matatu. Anachagua la dhahabu, anakosa, anaondoka. Portia, yuleyule atakayetuhubiria huruma mahakamani, anasema watu wote wa rangi ile na wachague vivyo hivyo. Ni mstari mmoja tu, na mtoto akishauona, hadhani tena kwamba ubaguzi wa kitabu hiki unamhusu Myahudi wa mbali peke yake.

Sasa kwetu. Kwa Kiingereza jina la tamthilia linamtaja mfanyabiashara mmoja, naye ni Antonio. Mwalimu alilitia katika wingi na kuchagua neno "bepari", miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Kwa maoni yangu wingi huo una maana kubwa, kwa sababu unamweka Antonio kwenye benchi moja na Shylock. Lakini wasomaji wengi walikuwa tayari na sura ya bepari, nayo ilikuwa ya Mhindi mwenye duka. Hadithi ya huyo inafanana na ya Ghetto. Chini ya Waingereza nyanda za juu za Kenya zilitengewa Wazungu, Mhindi hakuruhusiwa kununua shamba huko. Akabanwa kwenye biashara, kisha akalaumiwa kwa kuwa mfanyabiashara. Mwaka 1972 Idi Amin akawapa siku 90 waondoke Uganda, na wengi waliojiona raia karatasi zao zilikataliwa. Kumbukeni pia kwamba mfasiri wa kitabu hiki, Oktoba 1961, alisimama Bungeni na kukataa uraia wa Tanganyika kugawiwa kwa rangi, akawa tayari kujiuzulu kwa ajili hiyo.

Kwa wanaoigiza: msimvike Shylock pua ya bandia, wala msimpe lafudhi ya Kihindi ili watu wacheke. Mwigizaji Edmund Kean aliliacha wigi jekundu la kuchekesha huko London mwaka 1814, zaidi ya miaka 200 iliyopita. Na kichekesho hicho kina historia mbaya: mwaka 1943, Vienna ikiwa chini ya Wanazi, ukumbi wa Burgtheater ulimweka Werner Krauss jukwaani kama Shylock wa kuchukiza, wakati Wayahudi wengi wa mji huo walikwisha kupakiwa kwenye treni za kwenda makambini. Mkichelea jukwaa kupoa, nguvu itokane na kisu na mizani mezani, na kimya cha Shylock anaposikia sharti la ubatizo. Mwacheni asimame kidogo kabla ya kujibu kwamba ameridhika. Kisha aombe ruhusa ya kuondoka, kwa kuwa hajisikii vizuri.

Na lile swali la sifa tano tulibadilishe. Napendekeza hili, kwa alama 20: "Taja sheria mbili za Venice zinazomhusu Shylock ndani ya tamthilia (alama 4). Onyesha jinsi kila moja inavyoathiri anachokitenda (alama 8). Je, Antonio angehukumiwa vivyo hivyo kwa kosa lilelile? Thibitisha kutoka onyesho la mahakamani (alama 8)." Mwanafunzi atakayejibu "kwa sababu ni Myahudi" na kuishia hapo, asipewe alama.

Mwalimu wa fasihi,
Tanga