Risala ya Kikundi cha Watazama Ndege kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wetu, wazee, wazazi na watoto, itifaki imezingatiwa.

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha katika msitu huu mdogo wa Pennsylvania. Tunajua majukumu ya halmashauri ni mengi. Kufika kwako ni faraja kubwa.

Kikundi chetu kiliundwa na familia zinazozungumza Kiswahili kutoka Kongo, Burundi, Tanzania na Kenya. Mafanikio yetu ni makubwa. Watoto wetu wote wanaitambua sauti ya ndege aitwaye mkesha wa msituni, ambaye wenyeji humwita Wood Thrush. Taarifa zake tunaziingiza eBird, mtandao wa kuhifadhi kumbukumbu za ndege, na tumepanda miche ya kichaka kiitwacho spicebush, ambayo matunda yake humpa nguvu kabla ya safari ya Mexico na Amerika ya Kati.

Mheshimiwa, ndege huyu anatutoka. Hesabu ya ndege wanaozaliana Amerika Kaskazini, inayofanyika tangu 1966, inaonyesha kwamba karibu nusu ya mikesha hawa wametoweka. Misitu imekatwa vipande vipande, hapa kwetu na kule wanakokimbilia baridi ikianza, na kuna ndege wengine wanaotaga ndani ya viota vyao. Hayo hatukubebeshi wewe. Tunakubebesha kulungu.

Tazama kushoto kwako. Miti ni mirefu, lakini chini yake ni patupu: kulungu wamekula kila chipukizi wanalolifikia. Mkesha hajengi kileleni. Hujenga kwenye miti michanga na vichaka, kiota akikikandika kwa tope, na chakula hukitafuta kwa kupekua majani makavu ardhini. Miche yetu iliyopona ni ile tuliyoizungushia wavu wa waya kwa fedha za mifukoni mwetu. Sasa imefika kiunoni. Mingine yote imeliwa.

Tunaomba uzio wa kuzuia kulungu, wenye kimo cha mita 2.4, kuzunguka eneo hili. Ombi hili si geni. Mgeni rasmi wa mwaka juzi aliahidi, tukampigia makofi. Wa mwaka jana naye aliahidi, akapigwa picha ameshika nguzo ya kwanza. Nguzo hiyo ipo nyuma yako, na ya pili haijaja. Barua zetu za kukumbusha hazijajibiwa hadi leo.

Kwa unyenyekevu mkubwa, hatuombi ahadi nyingine. Tunaomba leo, mbele ya watoto hawa, ututajie tarehe ya kazi kuanza na afisa wa kumfuata. Vijana wetu watachimba mashimo bila malipo. Kinachokosekana ni nguzo, wavu na kibali, kwa kuwa ardhi ni ya halmashauri. Mikesha hurejea mwishoni mwa Aprili, na Mei huanza kujenga. Uzio utakaofungwa Juni utakuwa umewakosa kwa mwaka mwingine.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya Kamati