Barua kwa Atieno: ile mikia ya uzi

Mwanangu Atieno,

Picha ya vipande vya skafu unayofuma kwa kroshia nimeiona. Rangi umezichagua vizuri sana: haradali katikati, kisha maruni, nje kijivu, na mishono yako siku hizi imelingana kuliko yangu. Lakini vipande 23 vimekamilika na vyote vina mikia, zile ncha za uzi, inaning'inia, halafu unaniambia utaificha ukishafika Molo. Atieno, unaripoti kazini Jumatatu. Ifiche kabla hujafunga begi.

Hebu piga hesabu. Kila kipande kina rangi tatu, na kila rangi ina mkia wa kuanzia na wa kumalizia. Hiyo ni mikia 6. Skafu yako ni vipande viwili kwa upana na 18 kwa urefu, yaani vipande 36, kwa hiyo mikia 216. Kuunganisha kutaleta mingine 36. Hakuna mtu anayeficha mikia 252 usiku mmoja kwa moyo safi. Ukifika wa thelathini vidole vinachoka, unaanza kupiga fundo na kukata. Uzi wa akriliki unateleza. Fundo linalegea skafu ikifuliwa mara ya pili au ya tatu, na lisipolegea linamchoma mwenyewe shingoni. Huyo mwalimu mwenzako aliyeiagiza skafu ameshakupa nusu ya pesa.

Kwenye picha, safu ya juu, nimeona vipande viwili vyenye mikia ya sentimita 5 hivi. Hiyo haifichiki. Fumua mzunguko wa rangi hiyo uurudie, usijidanganye. Mkia uwe sentimita 15, urefu wa ile rula fupi ya shule. Najua utasema inakula uzi, na kweli inakula: sentimita 90 kwa kila kipande, mita 32 na nusu hivi kwa skafu nzima. Iweke kwenye bei badala ya kuipunguza kwenye mkia.

Namna ya kuficha ni hii. Tumia sindano butu yenye tundu kubwa, kwa sababu sindano kali inapasua uzi badala ya kupita chini yake. Geuza kipande upande wa nyuma. Pitisha mkia chini ya mishono ya rangi yake mwenyewe, sentimita 4 hivi, ruka uzi mmoja, urudi ulikotoka, kisha mara ya tatu uende upande mwingine. Njia moja tu haitoshi, hata kama mkia umeufumia ndani ukiendelea na mzunguko. Kitambaa kikivutwa unachomoka. Usiuvushe kwenye nafasi iliyo wazi kati ya mafungu ya mishono, utaonekana mbele. Kabla hujakata, shika kona mbili uvute kipande kwa nguvu, halafu ndipo ukate. Ukikata kwanza, uzi ukajivuta, ncha inatokeza.

Na katikati: ile pete unayoanza nayo kwa kuzungusha uzi kidoleni ni nzuri kwa macho, lakini inashikwa na mkia mmoja tu. Mkia ukitoka, tundu linafunguka na kipande kizima kinalegea kuanzia ndani. Vipande 13 vilivyobaki anza na mnyororo wa mishono 4, uunge uwe pete kwa mshono wa kuteleza. Vile 23, mkia wa katikati uzungushe pete yote mara mbili kabla ya kuupeleka pembeni.

Ulionaga mimi nikiacha mikia yote hadi mwisho. Usiishike hiyo. Na mikia ya kazi zako za shule ilikuwa inafichwa usiku ukiwa umelala, ndiyo maana mkono wako haukuzoea. Hilo si kosa lako.

Sasa kuunganisha, kwa sababu najua hutanipigia simu kuuliza. Hesabu mafungu ya mishono mitatu: mzunguko wa kwanza 4, wa pili 8, wa tatu 12. Kipande chenye 11 kitakuwa na upande mfupi na kitavuta jirani yake. Kila mzunguko uanzie kona tofauti, mikia isirundikane mahali pamoja ikafanya kinundu. Kisha loweka vipande, kamua kwa taulo bila kusokota, vibane kwa pini juu ya godoro vyote kwa kipimo kimoja. Kwa kroshia ya milimita 4 nakisia umepata sentimita 8; skafu itakuwa 16 kwa 144 kabla ya ukingo. Usipige pasi. Akriliki ikipata moto inalegea na kung'aa, na hairudi tena.

Vipange mezani 2 kwa 18. Unga kwanza mstari mrefu wa katikati kwa uzi mmoja bila kukata, halafu mistari 17 ya kukatisha. Kila ukingo una mishono mirefu 9, minyororo 2 ya katikati, na mnyororo mmoja kutoka kila kona: 13. Mishono ikibaki upande mmoja, umeruka mahali. Rudi utafute, usisukume mbele. Chukua kitanzi cha nyuma tu cha kila mshono ili mahali pa kuungia palale. Pale kona nne zinapokutana usikaze sana, la sivyo skafu inajikunja. Kwenye ukingo wa nje, vipande viwili vinapopakana weka mshono mmoja kwenye kila kona. Ukiongeza, ukingo unapiga mawimbi.

Na mikia ya kuungia ufiche mstari kwa mstari. Usiseme baadaye.

Molo iko zaidi ya mara mbili ya urefu wa Kisumu kutoka usawa wa bahari, na ukishuka Mau Summit jioni utajua. Beba lile blanketi zito, na sweta ivae, usiiweke chini ya begi. Omena na unga wa wimbi vimefungwa kwenye ndoo ya bluu. Omena usiifunike ikiwa na unyevu. Babako anauliza kama chumba kina maji. Mwambie ukweli, maana anapanga kukununulia pipa dogo. Odhiambo amevunja kioo cha dirisha la jikoni kwa mpira, fundi anakuja Jumamosi. Deni la duka la mama wa jirani nimelipa, usitume tena pesa zake.

Sindano butu mbili nimezichoma kwenye kadibodi, mfuko wa pembeni wa begi jeusi, pamoja na mkasi mdogo. Leo fanya vipande 6 tu, kesho 6, ikibaki zaidi amka mapema. Picha utakayotuma iwe ya upande wa nyuma.

Mama yako