Walimu wangu, msimrudishe huyo mtoto nyumbani

Wanangu walimu, marahaba. Chaki nimeishika miaka 34 na leo sitaki kuzunguka mbuyu. Nasikia mzazi akija na mtoto mwenye ulemavu mnamwambia "mama huyu mpeleke shule maalum, sisi hatukusomea hayo". Na mimi niliyasema hayo hayo, tena kwa upole kabisa nikidhani namsaidia.

Nilikuwa na binti mmoja darasa la tatu, kila nikiuliza swali anamwangalia jirani yake kwanza, kwenye ripoti nikamwandika mzito. Siku moja mafua yakanikaba sauti, ikabidi niwageukie watoto niseme pole pole, yule binti akanyosha mkono. Mara ya kwanza mwaka mzima! Kumbe alikuwa anasoma midomo, na mimi mwaka wote namfundisha kwa kisogo, naongea na ubao. Nikamleta mbele, nikaacha kusimama dirishani manake mwanga ukiwa nyuma yako uso wako unakuwa giza hasomi kitu. Basi, ni hayo tu niliyofanya, wala sikwenda kozi yoyote. Lile neno mzito linaniuma mpaka kesho.

Mtoto mwenye uoni hafifu, soma kwa sauti kila unachoandika ubaoni. Wa wilichea, shusheni darasa zima chini, sio yeye abebwe kwenye ngazi kama gunia kila asubuhi. Mwenye usonji (autism), yule anayepata shida kuwasiliana na kuchangamana na wenzake, mwambie mapema kama ratiba inabadilika.

Ila jamani kumweka tu kwenye dawati sio elimu jumuishi, ile ya watoto wote kusoma pamoja. Mtoto kiziwi anayetumia lugha ya alama akikaa darasa ambalo hakuna hata mmoja anayeijua, huyo mmemfungia nje akiwa ndani. Hapo lazima mdai mkalimani, na kwa asiyeona mdai vitabu vya nukta nundu, vile vya kusoma kwa vidole, na mdai kwa wakubwa kwa maandishi, msiridhike na ahadi za mdomo. Najua madarasa yamejaa na mmechoka, nayajua hayo, lakini kwanini deni la serikali alipe mtoto?

Na msidhani mnamfanyia hisani. Mwaka 1994 kule Salamanca, Hispania, wajumbe wa serikali 92 walikubaliana shule za kawaida ziwapokee watoto hawa, halafu 2006 ukaja mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ibara ya 24 inasema wazi asitengwe na elimu ya kawaida kwa sababu ya ulemavu wake. Ni haki yake.

Kwahiyo mzazi mwingine akibisha hodi ofisini mpeni kiti, muandikeni mtoto kwenye rejista kwanza, halafu ndo mumuulize mama: anasikia upande gani vizuri, anaona kwa umbali gani, nini kinamtisha, nini anakipenda. Andikeni majibu yote, mama huyo anamjua kuliko sisi sote.