Hadithi za upelelezi za gofu zifuate kanuni za mchezo

Mhariri,

Waandishi wengi wa hadithi fupi za upelelezi za uwanja wa gofu huharibu fumbo kwa kutojua kanuni. Tangu 2019 mpira uliopotea hutafutwa dakika 3, si 5 kama zamani. Mshukiwa anayedai aliutafuta vichakani robo saa mashindanoni amejifichua mwenyewe. Fimbo mfukoni hazizidi 14. Ya 15 ni ushahidi, na kedi, yaani mbeba fimbo wa mchezaji, aliyezihesabu asubuhi ni shahidi mzuri kuliko wote. Na umande je! Alfajiri nyayo huonekana wazi kwenye nyasi fupi, jua likipanda hupotea, kwa hiyo saa ya mauaji ipangwe kwanza. Shimo lina upana wa milimita 108: ufunguo huingia, bastola kubwa haiingii.

Msomaji wenu