Barua kwa Dada: Mruhusu Mpwa Wangu Acheze

Harrisburg, Pennsylvania
Septemba

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku ni wazima, ila baridi ya asubuhi imekwisha kuanza kubisha hodi, na natumaini Mama, shemeji na watoto hapo Temeke hawajambo. Nimeusikiliza mara mbili ujumbe wako wa sauti kuhusu mpwa wangu kuitwa na mwalimu wake wa michezo kwenye mazoezi ya softboli, ule mchezo wa kupiga mpira kwa rungu ulio ndugu wa besiboli, na swali lako la "mtoto wa kike na rungu wapi na wapi?" limenichekesha kwanza, kisha likanikalisha kitako niandike, maana jibu lake ni refu.

Naanza kwa kukukumbusha kwamba wewe ndiye uliyekuwa ukiogopwa kwenye rede mtaani kwetu. Mpira wenyewe ulikuwa soksi kuukuu iliyoshindiliwa mifuko ya plastiki, na aliyekuwa kati akijaza mchanga kwenye chupa alijua kwamba ukishaushika wewe, mgongo wake una kazi. Kurusha kitu kidogo kwa nguvu na kwa shabaha, na kukimbia huku jicho likiwa kwenye mpira, ndiyo nusu ya besiboli na ya softboli pia. Nusu ya pili ni rungu, ambalo wengine huliita gongo. Nilipomwambia Mama kwamba nimemnunulia mjukuu wake gongo la dola 40 alinyamaza kwenye simu mpaka nilipofafanua kwamba hili ni la kupigia mpira.

Tulipofika hapa miaka 2 iliyopita mwanangu hakuwa na rafiki hata mmoja. Mitaa ya huku haina chandimu. Mtoto hatoki tu mlangoni akakuta wenzake, kwani kila mchezo una ratiba na fomu ya kujaza. Nilimwandikisha kwenye ligi ya besiboli ya mtaa kwa sababu tu uwanja wake tunaufikia kwa miguu. Makocha ni wazazi wanaojitolea baada ya kazi, na mimi, ambaye sikujua sheria hata moja, nilikabidhiwa reki na chokaa: nasawazisha udongo kuzunguka bezi, yaani vituo ambavyo wachezaji hukimbilia, na kuchora mistari kabla ya mechi. Kwa reki hiyo nimefahamiana na majirani wengi kuliko kwa mwaka mzima wa kusalimiana kwenye ngazi. Leo wapo watu wazima kama 15 hivi wanaolijua jina la mwanangu na kuniuliza asipoonekana, jambo ambalo wewe na mimi tulilipata bure pale Temeke na huku halipatikani bila kutafutwa.

Faida iliyonigusa zaidi, hata hivyo, sikuitegemea. Kwenye chandimu asiyejua hapewi pasi, na anaweza kukimbia jioni nzima bila kugusa mpira. Besiboli ina foleni: zamu ya kupiga humrudia kila mmoja, hodari na dhaifu, na akisimama pale yupo peke yake, watu wote wanamtazama. Tena mara nyingi anashindwa, kwa kuwa hata kwenye ligi za kulipwa mpigaji anayefanikiwa mara 3 katika kila 10 huhesabiwa fundi.

Mwezi Mei mwanangu alisimama kupiga wenzake wakiwa wamejaa kwenye bezi zote tatu. Alikosa mara 3, na mpira wa mwisho hata rungu hakuliinua. Alirudi kwenye benchi kofia ngumu ikiwa imemshuka hadi puani, wala sikujua kama nimfuate au nibaki na reki yangu. Mdakaji wa timu, mtoto mnene mwenye maneno machache, alisogea akammiminia kiganjani mbegu za alizeti, hizi hizi ambazo Singida tunazikamua mafuta na ambazo watoto wa huku huzitafuna mechi nzima wakitema maganda miguuni. Hakumwambia neno. Walitafuna na kutema wote wawili mpaka foleni ikamrudia mwanangu, naye safari hiyo akaupiga, mpira mwepesi tu uliodakwa bila shida. Alitolewa tena, lakini alirudi akicheka. Sitakudanganya kwamba mchezo huu umempandisha darasani. Hesabu zake ni zilezile, ila sasa anagawanya desimali kwa hiari yake ili ajue wastani wake wa kupiga.

Umeuliza pia kama mtoto hataumia. Mpira ni mgumu, na mwanangu aliwahi kupigwa kifundo cha mkono kikavimba siku 3. Kinachonitia hofu zaidi ni kiwiko, kwa sababu mifupa ya mtoto bado inakua na kurusha mno huichosha. Ligi yetu inafuata kanuni za Little League, shirika la besiboli ya watoto ambalo lilianzishwa mwaka 1939 hapa hapa Pennsylvania: mrushaji wa miaka 11 au 12 hazidishi mipira 85 kwa siku, na akivuka 65 anapumzika siku 4. Mama mmoja huketi na daftari akihesabu kila mrusho, na hesabu ikitimia hakuna kocha wa kubishana naye. Kocha wa timu moja binafsi aliwahi kumtaka mwanangu kwa ada ya dola 2,000 na mazoezi ya mwaka mzima. Nilimshukuru, nikarudi kwenye ligi yetu ya mtaa.

Mwezi uliopita tulikwenda South Williamsport kutazama fainali za dunia za watoto, mwendo wa kama saa moja na nusu kwa gari, na hakuna kiingilio. Mwanangu alitumia nusu ya siku akiteleza kwa boksi kwenye kilima kilicho nyuma ya uwanja, na nusu nyingine akinihoji kuhusu vijana wa Lugazi, Uganda, ambao mwaka 2012 walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza hapo na wakaifunga timu ya Oregon 3 kwa 2. Mwaka uliotangulia timu nyingine ya Uganda ilifuzu ikakwama kwenye viza. Sasa anataka kujua Tanzania inakuja lini, nami nimemwambia kuhusu uwanja wa besiboli pale Azania Sekondari, Upanga, uliojengwa kwa msaada wa Wajapani.

Kwa hiyo, Dada, nakuomba umruhusu. Nenda naye siku ya kwanza, umwone mwalimu kwa macho yako, uulize kofia ngumu zipo ngapi na nani anawarudisha watoto jioni. Glavu nitaileta mimi Desemba. Kabla sijainunua nina swali moja, kwa sababu glavu huvaliwa mkono usiorusha: najua anaandika kwa mkono wa kulia, lakini nakumbuka alipokuwa mdogo alikuwa akiwarushia kuku mawe kwa mkono wa kushoto. Mpe soksi iliyojazwa mifuko, simama mbele yake kama zamani, kisha uniandikie ametumia mkono upi.

Wasalimie wote.

Mdogo wako