Kabla ya Kununua Nyumba ya Kupangisha Dar es Salaam, Hesabu Kodi Inayobaki Mkononi

Wateja wengi hufika ofisini kwetu wakiwa na hesabu moja tu waliyopewa na dalali, nayo ni bei ya nyumba na jumla ya kodi ya mwaka. Chukua mfano wa nyumba ya shilingi milioni 120 yenye wapangaji wanne, kila mmoja akilipa 250,000 kwa mwezi. Kwa mwaka hiyo ni milioni 12, yaani asilimia 10 ya bei, na kwa haraka inavutia.

Sasa tuchukulie kwamba kila sehemu inakaa tupu mwezi mmoja kwa mwaka. Zinabaki milioni 11. Ondoa kodi ya zuio, yaani ushuru wa asilimia 10 unaokatwa kwenye pango na kwenda Mamlaka ya Mapato (TRA), kisha tenga milioni 1.2 ya matengenezo na 600,000 ya msimamizi, na utabaki na milioni 8.1, ambayo haifiki asilimia 7. Mwekezaji wa muda mrefu anapaswa kuilinganisha faida hiyo na hatifungani za serikali (fedha unazoikopesha serikali kwa riba) za miaka 20 au 25, ambazo katika miaka ya karibuni zimelipa zaidi ya asilimia 10 bila bomba kupasuka wala mpangaji kuhama. Nyumba bado inaweza kushinda kwa sababu thamani ya kiwanja hupanda, lakini hilo hutegemea mtaa, na halipaswi kuchukuliwa kuwa la hakika.

Jambo linaloumiza wanunuzi mara nyingi ni kodi iliyolipwa mbele. Kwa kuwa wapangaji wa jiji hili hulipa miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, muuzaji anaweza kuwa ameshaipokea na kuitumia kodi ya miezi ambayo wewe ndiye utakuwa mwenye nyumba. Tunaomba kuiona mikataba yote ya upangaji, tunazungumza na wapangaji wenyewe, na kiasi hicho tunakitaja katika majadiliano ili kipunguzwe kwenye bei.

Jengo lenyewe tunapenda kulikagua wakati wa masika, hasa maeneo yaliyo karibu na bonde la Mto Msimbazi, ambako mafuriko hujirudia. Rangi mpya iliyopakwa sehemu ya chini tu ya ukuta, plasta inayobanduka usawa wa goti na chemba inayorudisha maji ni dalili za gharama utakazozirithi. Vilevile tunaangalia kama kila mpangaji ana mita yake ya LUKU (umeme wa kulipia kabla), kwani mita ya pamoja huzaa ugomvi, na ugomvi hufukuza wapangaji wazuri.

Kwa upande wa nyaraka, tunafanya upekuzi kwa Msajili wa Hati kujua mmiliki halisi ni nani, tunahakiki miaka iliyobaki kwenye hatimiliki na, ikiwa ni nyumba ya ndoa, tunataka iwe kwa maandishi ile ridhaa ya mwenzi inayotakiwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Ukija kwetu, leta nakala ya hati, mikataba ya wapangaji na bei uliyotajiwa, na usilipe malipo ya awali kabla hatujakukabidhi ripoti ya ukaguzi wetu.